Tupeane uzoefu: mafua yakishuka kifuani

Hamjambo wenzangu. Baridi ya Julai imenipata hapa Umoja, Nairobi. Nilianza na mafua ya kawaida, siku ya tatu yakashuka kifuani. Nikilala chali nasikia kifua kikitokota kama uji mzito. Asubuhi nakohoa hadi mbavu zinauma, natoa makohozi ya kijani. Nilikimbilia duka la dawa pale stejini, nikauziwa antibayotiki bila kuulizwa lolote. Dozi iliisha, kikohozi kikabaki. Daktari aliyenisikiliza kifua ndiye aliyeniambia ni mkamba, yaani bronkaitisi: mirija ya hewa imevimba, na mara nyingi chanzo ni virusi, ambavyo antibayotiki haziviwezi. Ule ukijani peke yake hauonyeshi kwamba ni bakteria. Akaniambia nipumzike, ninywe vitu vya moto kwa wingi, nivumilie, kwani kikohozi kinaweza kufika wiki tatu. Ninyi mlijuaje yenu, na mlijitunza vipi?

Mama Pacha, Kayole: Pole sana. Mimi wangu mmoja, miaka mitatu, nilidhani ni kifua tu. Siku nne nampa maji ya tangawizi na asali. (Asali asipewe mtoto ambaye hajafikisha mwaka, tafadhali.) Usiku wa nne nikamfunua fulana, nikaona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta hewa. Nikahesabu pumzi dakika nzima akiwa amelala: 52. Kuanzia 40 kwa umri wake ni nyingi mno. Ilikuwa nimonia, akalazwa. Siku hizi sitazami makohozi, natazama pumzi.

Konda Mstaafu: Nimevuta sigara miaka 14, na moshi wa magari pale Jogoo Road juu yake. Kila mwaka nilikuwa nakohoa miezi mingi, naita baridi. Kumbe ukikohoa na makohozi miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo, huo ni mkamba sugu. Sigara nimeacha, huu ni mwezi wa nane sasa tangu niache. Kifua hakijawa kipya, ila naongea na simu huku natembea, jambo lililokuwa limenishinda.

Wa Chapati, Kangemi: Kwangu adui alikuwa jiko la makaa. Chumba kimoja, dirisha nimeliziba kwa gunia baridi isiingie, jiko linawaka hadi usiku. Nilipolitoa nje, kikohozi cha usiku kilipungua wiki hiyohiyo. Na jamani, msilale na jiko ndani: gesi ya makaa haina harufu na inaua.

Dada K., Kariobangi: Mimi nilijiambia ni mkamba hadi wiki ya tano. Natoka jasho usiku, sketi zinanivuka kiunoni. Ilikuwa kifua kikuu. Kipimo na dawa za miezi sita sikulipia, hospitali ya serikali. Wiki mbili zikipita, nenda upimwe makohozi. Ukiona damu au ukikosa pumzi, usisubiri hata siku moja.

Mwanzisha mada: Asanteni, hasa Dada K. Leo ni siku ya 16. Homa sina, ngazi napanda hadi orofa ya nne bila kusimama, lakini kikohozi bado kipo. Kesho asubuhi napeleka makohozi.