Naomba ushauri: nimsemeje George W. Bush kwenye mdahalo wa chuo?

Mwanagenzi: Wakuu, nimepangiwa kuzungumzia uongozi wa Bush. Nimechagua hotuba yake kwa bunge la Marekani ya 28 Januari 2003. Humo alisema Waingereza wamegundua Saddam wa Iraki alitafuta urani Afrika, ile ya kutengenezea silaha za nyuklia. Humo humo akaomba dola bilioni 15 kwa miaka 5 za kupambana na UKIMWI. Nianze na lipi? Usingizi umenipaa.

BintiPangani: Hilo tu ndilo linakukosesha usingizi? Sema vizuri, mdogo wangu.

Mzee_Ilala: Alipokuja Dar Februari 2008 barabara zilifungwa, nikaenda kazini kwa miguu! Akina mama walivaa vitenge vyenye sura yake. Yeye na Kikwete wakasaini mkataba wa dola milioni 698. Yule alitupenda.

Mwanagenzi: Mzee, Iraki ilivamiwa Machi 2003. Julai Ikulu yake yenyewe ikakiri ile sentensi ya urani haikupaswa kuwemo.

BintiPangani: Bado hujanijibu.

Mwanagenzi: Haya. Mama yangu anatumia ARV tangu 2005, kwenye kliniki iliyokuwa ikiendeshwa kwa fedha hizo za UKIMWI alizoomba Bush. Ila mada nimeshaiwasilisha, "Rais Aliyedanganya", na siibadilishi. Dawa za mama haziwafufui waliokufa Baghdad.

Ustaadh_T: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mche Mungu, kijana.

Kijiwe_Tandale: Hii chai, tena ya tangawizi. Mama, hotuba, mdahalo, vyote vimepangana kama filamu. Chuo gani hicho?

MuuguziMstaafu: Chai au si chai, mwaka unawezekana. ARV za bure kwenye hospitali zetu zilianza 2004. Kabla ya hapo niliwaagiza wagonjwa wakafie kwao. Kwenye hotuba hiyo Bush alitaja Waafrika zaidi ya milioni 4 waliohitaji dawa mara moja, na waliokuwa wakizipata 50,000 tu. Akasema bei imeshuka kutoka dola 12,000 kwa mwaka hadi chini ya 300. Mwanangu, mama anajua utamtaja?

Mwanagenzi: Hajui. Na ukumbini watakuwepo shangazi zangu, hawajawahi kuambiwa.

MuuguziMstaafu: Basi siri ya mama iache kwa mama. Hizo namba za Bush zinatosha kubeba upande huo. Mada kama huibadilishi, sawa, lakini wasomee zote mbili, urani na dawa, halafu ndiyo umhukumu.