Tupeane uzoefu: gridi, dirisha, uzi, simu... ulijifunzaje kuchora sura, na je, ni kudesa?

Penseli Butu:
Wakuu habari za jioni. Mwaka wa pili huu najifunza kuchora sura za watu kwa penseli, na kila nikiweka kazi swali ni lile lile: "Umepiga gridi?" yaani ile miraba ya kunakilia picha. Sauti yenyewe kama ya mtu anayeuliza umeiba. Basi tusimuliane, kila mtu aseme alitumia nini na kilimpa nini.

Naanza. Sura ya kwanza ilikuwa ya marehemu mama, na picha iliyobaki ni ya pasipoti tu, sentimita 3.5 kwa 4.5. Nikapiga mistari kila nusu sentimita, ikatoka miraba 63. Kwenye A4 kila mraba nikaufanya sentimita 3, ikaenea upana wote wa karatasi. Kufanana alifanana! Tatizo mistari niliipiga kwa HB nimekandamiza. Nilipofuta, weusi wa penseli ulitoka lakini mitaro ikabaki, na nilipoanza kushedi mashavu ikajitokeza myeupe. Mama akawa kama anachungulia nyuma ya nondo za dirisha. Ipo ukutani hadi leo. Siku hizi natumia 2H, penseli ngumu yenye mstari hafifu, mkono mwepesi kabisa, na kapicha kadogo nakakuza kwanza steshenari, maana ukikosea milimita 1 pale, kwenye A4 ni 6.

Dada Makaa:
Mimi ni wa dirishani. Picha naibandika kwenye kioo mchana, karatasi juu yake, nafuatisha. Nilimchora shangazi hivyo, kila kitu mahali pake, na bado alionekana kama katuni. Nilikuwa nimezungushia pua mstari, na pua ya mtu haina mstari, ina upande wa mwanga na upande wa giza.

Kilichonisaidia ni kugeuza utaratibu. Nachora kwanza kwa macho tu, ndipo nafuatisha picha kwenye karatasi nyingine, halafu naziweka zote mbili dirishani nione nilipopotea. Mara tano mfululizo kosa likawa moja: macho nayapandisha juu mno. Kumbe kutoka utosini hadi kidevuni macho yanakaa karibu na katikati. Mimi fuvu lililofunikwa na nywele nilikuwa silihesabu, na shangazi mwenyewe ni wa vilemba.

Mzee wa Mabango:
Wanangu, sisi wa kuandika mabango hapa Mombasa hatukuwa na aibu hiyo. Ukuta wa kinyozi utaugawaje kwa rula? Unachukua uzi, unaupaka unga wa chaki, mwenzako anashika huku, wewe huku, unauvuta na kuuachia pa! Mstari huo umenyooka, na kuufuta ni kitambaa tu.

Siri ni hii: miraba isilingane kazi. Shavuni acha mikubwa. Kwenye jicho na mdomo, mraba mmoja ukate kwa mishazari miwili, upate katikati yake, ugawe tena. Kijana niliyemfundisha nilikuwa nikimpunguzia miraba kila kichwa kipya, mpaka akabaki na msalaba mmoja usoni. Alilalamika sana.

Mkono Huru:
Kudesa ni kudesa. Msanii ni macho na mkono.

Penseli Butu:
Mkuu Mkono Huru, Wamisri wa kale walipiga miraba ya rangi nyekundu kwenye kuta za makaburi kabla ya kuchora watu. Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, mwaka 1525 alichapisha picha ya mchoraji akimfuatisha mtu kupitia kioo. Hao nao tuwafukuze?

Mkono Huru:
Dürer alijua kuchora hata bila kioo. Ndiyo hoja yangu.

Penseli Butu:
Hapo sina jibu.

Betri Asilimia Mbili:
Mimi ni wa programu ya simu. Unaiegesha juu ya vikombe, kamera inatazama karatasi, picha inaonekana hafifu juu yake, unafuatisha ukitazama skrini. Simu ikipigwa tu inatetemeka na kuhama. Sikio la bwana harusi likashuka hadi usawa wa mdomo! Oda ya pili mteja alileta selfi ya karibu, pua imevimba kama zinavyovimba zote, nami nikainakili ilivyo. Akakataa kulipa akisema nimemdhihaki. Sasa naomba picha iliyopigwa kutoka hatua mbili tatu.

Mjukuu:
Mimi sina picha, nina babu. Namkalisha barazani, nafunga nati kwenye uzi, nauning'iniza mbele ya jicho langu. Uzi ukishuka kutoka kona ya ndani ya jicho lake unagusa ukingo wa pua, ukishuka kutoka katikati ya jicho unaniambia mdomo unaishia wapi. Vipimo nachukua kwa penseli, mkono umenyooka, jicho moja nimefumba. Shida babu husinzia, kichwa kikiinama vipimo vyote vimekufa.

Juzi nilimaliza, nikampelekea. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Umemjuaje kaka yangu? Alikufa hujazaliwa."

Dada Makaa:
Iweke hapa tuione jamani.

Mjukuu:
Kaichukua. Kaifungia sandukuni.