Wizi wa vipuri vya gari: adhabu iongezwe au vipi?

Dereva wa Fuoni
Assalam alaikum. Naendesha Noah ya kukodisha, wageni wa Nungwi na Paje. Juzi natoka sala ya alfajiri, gari haina saiti mira zote mbili, na taa ya nyuma ya kulia imeng'olewa na nyaya zake. Mgeni wa asubuhi ikabidi nimpe mwenzangu.

Kinachonichoma si kioo. Mtaani kwetu alikamatwa kijana na betri za watu. Mfungo haujesha keshatoka, tunafutari naye baraza moja, anaulizia tende! Suali langu: Wawakilishi wetu wa Zanzibar, wanaokaa Baraza kule Chukwani, hawawezi kuifungua ile Sheria ya Adhabu ya 2018 wakatia kifungu makhsusi cha vipuri, chenye kifungo kirefu?

Fundi umeme, Mwanakwerekwe
Pole. Lakini mteja akishatajiwa bei ya dukani, ananinong'oneza: "Fundi, hakuna ya mtaani?" Huyo ndiye anayemtuma mwizi. Vipuri vya mtumba vinavyoshuka bandarini havina hati kimoja kimoja, cha wizi kikichanganywa humo hata mie sikijui. Chenye namba ya gari iliyochorwa ndicho kinachokaa dukani mpaka kikapata vumbi.

Mstaafu wa mahkama
Mwanangu, ulitoa maelezo kituoni? Nimekaa na mafaili miaka mingi. Kesi hizi zinakufa kwa ushahidi. Mwenye mali haji, au akija anaoneshwa kioo, anaulizwa utakitambuaje, anasema "nakijua tu." Ukiandika miaka kumi au ishirini, hakimu atataka ushahidi ule ule. Na kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa tangu zamani. Wenye maduka wangapi umewaona wakipelekwa Chuo cha Mafunzo, yaani jela?

Mpemba wa London
Huku wanakata masega ya ekzosi, kile kisafisha moshi cha chini ya gari, hasa ya Prius, kwa ajili ya paladiamu na rodiamu iliyomo ndani. Uingereza walimbana mnunuzi: kwa sheria ya 2013, mwenye biashara ya chuma chakavu haruhusiwi kulipa fedha taslimu, na lazima ahakikishe jina na anwani ya muuzaji. Lakini nisikudanganye, bei ya madini hayo ilipopaa miaka michache baadaye, wizi ukarudi kwa kishindo.

Dereva wa Fuoni
Bi mkubwa, kituoni nilikwenda, RB, namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Ila kweli, wakinionesha saiti mira kumi za Noah sijui nitashika ipi. Basi kifungo kirefu nakitaka bado, lakini aanze mwenye duka, kijana afuate. Fundi, kuchora namba vioo vyote na taa ni bei gani?

Fundi umeme, Mwanakwerekwe
Njoo na gari, tutapatana. Taa umeshapata?

Dereva wa Fuoni
Bado. Na ya mtaani sitaki.