Patasi niliyotengeneza na tupa imevunjika, nianzie wapi tena?

Kijana_Nyalenda
Wadau habari za jioni. Niko Kisumu, kazi ya mbao nimeanza miezi saba sasa, mchana najifunza kwa fundi mmoja hapa Kibuye na jioni nafanya vitu vyangu nyumbani. Nilinunua seti ya patasi kwa duka fulani, zile za mpini wa plastiki, makali yanajikunja ukigusa tu mti mgumu, unanoa asubuhi ikifika saa nne unanoa tena. Za maana bei siiwezi kwa sasa basi nikasema wacha nijitengenezee. Ya kwanza nilitumia nondo, umbo lilitoka poa kabisa lakini haikushika makali hata siku moja. Ya pili nikaomba fundi tupa yake mzee, nikaipasha kwa makaa na blowa mpaka ikang'aa karibu rangi ya chungwa, nikatumbukiza kwa ndoo ya maji. Leo natoboa tundu la mguu wa stuli, pigo la tatu ikakatika, kipande kikanipita karibu na sikio. Pale ilipokatika ndani ni punje punje kama sukari. Nilikosea wapi? Na kuna kifaa gani mtu wa kuanza angefaa kutengeneza kwanza?

Mhunzi_wa_Samia
Pole sana ndugu yangu, na ushukuru Mungu haikuingia jicho. Kwetu Samia, kule Busia, uhunzi ni wa mababu, majembe yetu yalikuwa yanafika kwa Wajaluo kabla reli haijafika Kisumu 1901, kwa hivyo hii kitu niko nayo kwa roho.

Nondo achana nayo, kaboni yake ni kidogo, hata uipashe vipi haiwi ngumu ya kukata mbao. Tupa ya kweli iko na kaboni kama asilimia 1, hapo ulichagua vizuri. Lakini hizo punje za sukari zinasema ulipasha kupita kiasi. Chuma kilichopashwa sawa kikivunjika ndani ni laini, kijivu kama kauri. Tafuta sumaku ya spika iliyokufa, ukiona chuma kimeanza kuwa chekundu gusisha, ukiona sumaku haishiki, ngoja kidogo tu halafu zima, yaani chovya ipoe ghafla. Usizime na maji, tumia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, na uingize wima, ukiyumbisha kando itapinda. Oil chafu ya gari, moshi yake ni mbaya, usiivute.

Sasa hapo ndipo wengi wanaachia, na hapo ndipo patasi yako ilikufia. Ikitoka kwa mafuta ni ngumu kama glasi, lazima urudishe ulaini kidogo. Isugue na msasa mpaka ing'ae nyeupe, halafu pasha polepole kuanzia upande wa mpini. Utaona rangi zinatembea, ya majani makavu iko mbele, nyuma yake kahawia, halafu zambarau na bluu. Ile ya majani makavu ikifika kwa makali, hapo hapo chovya maji. Kama una oveni, digrii 200 saa moja, mara mbili, inatosha.

MamaMbao_Nakuru
Naongeza moja, meno ya tupa yasage yote yaishe kabla ya kupasha, ufa unaanzia kwa yale mashimo ya meno. Na ukinoa na grainda baadaye chovya maji kila mara, makali yakigeuka bluu umepoteza kazi yote.

Kuhusu kuanza, mdogo wangu, ungeanza na vya mbao. Mimi cha kwanza nilitengeneza nyundo ya mbao ya kugongea patasi, kichwa cha mti wa mpera uliokauka vizuri. Halafu randa ndogo: chukua kipande cha mvule cha kitanda kilichovunjika, kipasue mbavu mbili na katikati, ile ya katikati ikate digrii 45 mahali kisu kitalala, gundisha mbavu tena. Kisu nilitoa kwa randa mzee ya chuma. Mdomo, ile nafasi ya chini maranda yanapopita, wacha mwembamba sana, utaupanua na tupa kidogo kidogo mpaka maranda yapite. Ukiupanua sana hakuna kurudi nyuma. Mbao ya bluu gamu (mkaratusi) mbichi usiguse, itapinda wiki hiyo hiyo.

Kijana_Nyalenda
Asanteni sana, mhunzi na mama fundi. Sikuwa najua kuna kupasha mara ya pili, mahali najifunza hakuna aliyewahi kuitaja. Jumamosi narudia na tupa ingine. Na mpini, ule wa kwanza ulipasuka pale chuma kinaingia nikigonga, nafanyaje?

Mhunzi_wa_Samia
Kata kipande cha bomba la shaba kwa wale wa friji, kama sentimita 2, uvishe pale chuma kinaingia mtini, kikae cha kubana. Na tundu la mkia wa patasi litoboe hatua mbili, nyembamba chini pana juu. Ukimaliza weka picha ya makali hapa, nataka kuona hiyo rangi.