Mwinjilisti kaachishwa kazi Marekani: viza, nyumba, na kurudi Masasi

Ndugu zangu wa Kusini, wakubwa shikamooni. Kuna mwenzetu wa Masasi, mwinjilisti mwenye viza ya R-1, ile ya watumishi wa dini. Usharika wake huko Marekani umemwachisha kazi, na nyumba anayokaa ni ya kanisa. Watu wanamwambia ana siku 60 za kutafuta kazi nyingine. Ni kweli? Na akirudi ataanzia wapi, maana maisha yake yote yamekuwa madhabahuni?

Jibu, kutoka Minnesota

Siku 60 si zake, dada. Hizo ni za wenye viza za kazi kama H-1B, L-1, O-1 na nyingine chache, R-1 haimo. Tena kanisa linatakiwa kuwajulisha watu wa uhamiaji ndani ya siku 14, kwa hiyo asikae akidhani hakuna anayejua. Akipata usharika mwingine, hao wapya ndio wanaopeleka fomu I-129, ya mwajiri kumwombea mfanyakazi mgeni, na haanzi kazi mpaka ikubaliwe. Kazi ya ghala "ya kujishikiza" ndiyo inayoharibu faili, kwa sababu R-1 inamfunga kwa mwajiri aliyeiomba. Amwone wakili wa uhamiaji wiki hii hii.

Fao la kukosa ajira asilitegemee. Kwa kawaida makanisa hayalazimiki kuchangia mfuko huo. Aombe kwa maandishi tarehe ya mshahara wa mwisho, bima ya afya inakoma lini, siku ya kukabidhi nyumba, na barua inayotaja kazi alizofanya. "Alitumika kwa uaminifu" peke yake haimwambii mwajiri kitu.

Jibu, kutoka Masasi

Kaka amemaliza ya makaratasi. Akirudi huku, kosa linalojirudia ni kukimbilia mimbari nyingine ili jina lisife. Atapewa zamu ya kuhubiri Jumapili ya kwanza, bila mshahara, na kwenye harambee atatajwa wa kwanza kwa kuwa ametoka Marekani. Alichopoteza ni vitu vinne kwa siku moja: mshahara, nyumba, jina, na watu wa kuwahudumia. Kila kimoja kina mahali pake pa kutafutwa. Apeleke barua ya utambulisho kwa mchungaji, akae kwenye benchi miezi mitatu kama msharika, ndipo achukue huduma ndogo yenye mwisho unaojulikana: darasa moja la kipaimara, au kutembelea wagonjwa hospitali ya Mkomaindo au Ndanda.

Mkate autafute kwingine. Aorodheshe kazi kwa vitendo: kusuluhisha, kuandika mihtasari, kutunza hesabu za sadaka, kuendesha semina. Chama cha msingi cha korosho kinahitaji mtu wa namna hiyo, na aulizie kabla ya Oktoba, minada haijaanza. Mikorosho ya baba asiihesabu msimu huu kama haikupulizwa salfa. Kazi hiyo huanza Mei au Juni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukishashika maua, hakuna cha kuokota.

Jibu, kutoka Mtwara mjini

Mnamsahau mkewe. Naye alikuwa na kazi isiyo na mshahara: kikundi cha akina mama, kwaya, wageni wa kila Jumapili. Vimeondoka siku ile ile, na hakuna barua aliyoandikiwa yeye. Mmoja wetu wa kike ampigie yeye mwenyewe, asipitie kwa mumewe. Na wazee wa nyumbani waambiwe na mwinjilisti mwenyewe kabla habari haijafika kwa njia ya simu za watu, maana wakishaisikia pembeni watadhani kuna dhambi.