Geini na uelekezi wa antena: tofauti inatoka wapi?

Swali: Nimepima dipoli yangu ya nusu wimbi (antena ya fimbo mbili zenye urefu wa jumla wa karibu nusu ya urefu wa wimbi) nikapata geini ya 0.82, ilhali uelekezi wake wa kinadharia ni 1.64. Nusu nzima imepotelea wapi?

Jibu la kwanza: Kwa hesabu, imegeuka joto. Uelekezi hueleza tu jinsi nguvu iliyokwisha kutoka inavyoelemea upande mmoja. Geini ni uelekezi huo ukizidishwa kwa ufanisi (sehemu ya nguvu iliyoingia kwenye antena inayotoka kama mawimbi), ambao kwako unakuwa asilimia 50, yaani upungufu wa desibeli 3.

Jibu la pili: Dipoli ya shaba haipotezi kiasi hicho. Huenda umejumlisha nguvu inayorudi kwenye kebo kwa sababu ya impidensi (ukinzani dhidi ya mkondo geu) ya kebo na ya antena kutolingana, hasara ambayo kwa kawaida haihesabiwi ndani ya geini.

Muuliza swali: Kweli, kebo sikuipima.