Mjadala: Radhi ya ukoo wa Gladstone kwa Guyana inatosha bila kuigusa mali ya Hawarden?

Ndugu wanajamvi, salaam.

Agosti 2023, Charlie Gladstone, kilembwe wa Waziri Mkuu wa zamani wa Uingereza William Ewart Gladstone, alisimama na jamaa zake katika Chuo Kikuu cha Guyana, akaomba radhi kwa utumwa uliotajirisha ukoo wao, na akaahidi pauni 100,000 za kusaidia kazi za chuo hicho. Wapo waliosema hilo limetosha, wapo waliosema hata radhi haikuhitajika kwa kuwa mtu habebi dhambi ya babu yake, na wapo Waguyana wanaoshikilia kwamba deni halijalipwa. Mimi nasimama na hawa wa mwisho, na sababu yangu inatoka katika mirathi.

Tuanze na baba yake William. John Gladstone, mfanyabiashara wa Liverpool mwenye asili ya Scotland, alimiliki mashamba ya miwa huko Demerara, ambayo leo ni sehemu ya Guyana, bila kutia mguu huko hata siku moja. Katika shamba lake la Success ndiko yalikoanzia maasi ya watumwa ya Agosti 1823. Mmoja wa viongozi wake alikuwa fundi mapipa aliyeitwa Jack Gladstone, kwa sababu mtumwa alibandikwa jina la bwana wake. Baba yake Jack, Quamina, alikuwa fundi seremala na shemasi wa kanisa, na aliwasihi wenzake wasimwage damu. Hata hivyo alisakwa, akapigwa risasi, na maiti yake ikafungwa minyororo na kutundikwa palepale Success, ili waliosalia waione. Jack alihamishiwa Saint Lucia.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ilikuwa ya wamiliki. John alilipwa pauni 106,769 kwa watu 2,508. Naomba kila mmoja wetu aziweke pauni hizo, kwa thamani ya miaka ya 1830, kando ya zile 100,000 za mwaka 2023. Walioachiwa huru hawakupewa hata senti, bali walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Anayetuambia kwamba haya ni mambo ya kale akumbuke kuwa mkopo uliohusu fidia hiyo ulimalizwa kulipwa na hazina ya Uingereza mwaka 2015.

Sasa tumtazame William mwenyewe, ambaye watetezi wake humtaja kwa heshima kubwa, na sikatai kwamba anastahili sehemu yake. Aliingia bungeni mwaka 1832, akawa Waziri Mkuu mara nne, akapanua haki ya kupiga kura, na alipokwisha komaa aliulaani utumwa kwa maneno mazito. Lakini tarehe 3 Juni 1833 kijana huyo alisimama bungeni kulitetea shamba la baba yake la Vreed-en-Hoop, lililokuwa likishutumiwa kwa vifo vya watumwa.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni Hawarden, ile ngome na ardhi yake huko Wales iliyomfanya William awe mwinyi. Aliipata kwa njia ya ndoa, alipomwoa Catherine Glynne mwaka 1839, na wakazaa watoto wanane. Miaka michache baadaye biashara ya chuma na makaa ya mawe ya Oak Farm, ambayo shemeji yake Sir Stephen Glynne alikuwa ameiwekea mali yake rehani, ilifilisika, na Hawarden ikawa katika hatari ya kupigwa mnada. Aliyeiokoa ni William, na sehemu kubwa ya fedha alizotumia ni zile alizopewa na baba yake. Humo ndimo alimokata miti kwa shoka lake, na ndimo alimosukuma toroli la vitabu uzeeni, akivihamishia kwenye maktaba aliyowaachia wasomi. Ardhi hiyo bado imo mikononi mwa ukoo, na mrithi wake ndiye huyohuyo aliyekwenda kuomba radhi.

Kweli, si kila pauni ya John ilitoka Demerara, kwani alifanya pia biashara ya nafaka na ya India. Lakini sisi sote tumekaa kwenye vikao vya mirathi, na tunajua kwamba deni la marehemu hutolewa kwanza, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Hakuna anayemwambia mrithi kwamba yeye ndiye mwizi, ila huambiwa kwamba sehemu fulani ya alichokishika si yake. Hoja kwamba sheria za wakati ule ziliruhusu hainishawishi, kwa sababu sheria hizo zilitungwa katika bunge ambamo wamiliki waliketi na watumwa hawakuwa na sauti.

Nasi wa pwani tuna kisa kinachofanana. Serikali ya huyuhuyu William ndiyo iliyomshinikiza Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, na utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, aliyelipwa fidia alikuwa tena mmiliki.

Kwa hiyo naona ukoo huo unapaswa kutoa sehemu ya mali ya Hawarden yenyewe, kwa kiasi kitakachopatikana baada ya hesabu huru ya zile fedha za John. Nisichokuwa nacho uhakika ni nani apewe. John huyohuyo ndiye aliyepanga kuletwa kwa vibarua wa kwanza kutoka India, waliofika Guyana Mei 1838 kwa meli za Whitby na Hesperus kuziba pengo la watumwa, na wajukuu wao leo ni sehemu kubwa ya taifa hilo. Je, nao wanaingia katika dai hili, au ni la uzao wa akina Quamina peke yao?